Siku Sabuni Ilipokatika Katikati ya Jina

Mama aliyekuja kununua unga wa wimbi alikuwa na mtoto mgongoni, wa miezi saba hivi, ndiyo kwanza ameanza kuonjeshwa uji. Mimi nilikuwa nyuma nikipanga kreti za soda, mikono yote imeshika. Nikamwambia mtoto wa dada yangu, "Mpe pakiti ya wimbi, hapo rafu ya chini." Akampa, akapokea pesa, akarudisha chenji sawasawa. Haikupita saa moja, mama yule akarudi na pakiti mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mama, huu ni mtama."

Nilimbadilishia, nikamwomba radhi, akaenda zake. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Pakiti za wimbi na mtama nafunga mwenyewe. Nafaka nanunua sokoni, napeleka mashineni kusagwa, halafu natia kwenye mifuko ya kaki na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: WIMBI, MTAMA, MUHOGO. Mifuko yote ni rangi moja na ukubwa mmoja. Kinachoitofautisha ni neno peke yake. Na mtoto huyu alikuwa Gredi ya Tatu, na kwenye droo yangu mlikuwa na ripoti ya shule alikotoka inayosema anasoma vizuri.

Alikuja kwangu Nakuru mwezi wa Mei 2024, mafuriko ya mto Nyando yalipoingia nyumbani kwa dada yangu karibu na Ahero. Muhula wa pili ulikuwa umeahirishwa nchi nzima kwa sababu ya mvua. Dada akanipigia simu: kaa naye muhula mmoja, maji yakishuka nitamchukua. Muhula ukazaa muhula mwingine. Duka langu liko mtaa wa Kaptembwo, chumba cha mbele cha biashara, cha nyuma cha kulala, kwa hiyo mtoto akitoka shule hana pa kukaa ila na mimi kaunta. Mimi si mwalimu. Naandika haya kwa sababu wazazi wengi wanaosimama mbele ya wavu wangu wananiambia jambo lilelile: mtoto anasoma, halafu hasomi, na hawaelewi.

Asubuhi yake nilimsimamisha mbele ya rafu. Nikainua pakiti ya unga. "Jogoo," akasema haraka. Nikainua nyingine. "Soko." Nikainua majani. "Fahari ya Kenya." Hakukosea hata moja. Halafu nikachukua tena ile ya kwanza, nikaziba picha ya jogoo kwa kiganja, nikaacha jina wazi. Akanyamaza. Jambo lililonigusa ni kwamba macho yake hayakwenda kwenye herufi hata kidogo. Yalibaki kwenye mkono wangu, yakingoja niuondoe.

Basi nikaelewa. Kumbe alikuwa akisoma rangi, akisoma picha, akisoma mahali ambapo kitu hukaa kwenye rafu. Huo nao ni ujuzi, siudharau. Mtoto asiyejua hata hilo hawezi kunisaidia dukani. Lakini si kusoma. Na huko darasani alikotoka, watoto wakiwa wengi na mwalimu mmoja, ukurasa ulisomwa kwa pamoja kwa sauti. Mtoto mwenye sikio zuri anaweza kumaliza kitabu kizima kwa namna hiyo bila neno hata moja kupita machoni mwake.

Nilianza vibaya. Nilinunua chati, nikaitundika ukutani, kila jioni baada ya kufunga duka nikamkalisha. Ba, be, bi, bo, bu. Aliimba kama kasuku, tena kwa mahadhi. Nikimwonyesha "bi" peke yake, anaanza kuimba kutoka "ba" mpaka aifikie. Wiki tatu tukaenda hivyo, wote wawili tumechoka, chati ikapata mafuta ya taa.

Kilichotutoa hapo ni sabuni.

Wateja wangu wengi hawanunui mche mzima wa sabuni. Wanataka kipande, cha kufulia leo na kesho. Siku hiyo nilikuwa na mche wa Menengai, sabuni inayotengenezwa hapahapa Nakuru na kupewa jina la ule mlima wa volkano tunaouona upande wa kaskazini kila asubuhi mawingu yakiondoka. Jina limegandamizwa juu ya mche wenyewe. Hakuna picha, hakuna rangi, ni herufi zilizozama ndani ya sabuni. Mzee mmoja fundi wa viatu akaomba kipande. Nikatia kisu, na kisu kikapita katikati ya jina. Upande huu MENE, upande ule NGAI.

Nikampa mzee kile cha pili. Akakitazama, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Leo nimeuziwa Ngai!" Kwao Wakikuyu, Ngai ni Mungu. Mtoto akaniuliza anacheka nini. Nikamwomba mzee aniazime kipande chake kidogo. Nikaviweka vipande viwili kwenye kaunta, nikavisukuma vikagusana: MENENGAI. Nikavitenganisha: MENE, NGAI. Mtoto akapitisha kidole ndani ya herufi, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, sabuni ikamjaa kwenye ukucha. Akavikutanisha mwenyewe. Akavitenganisha. Halafu akaniuliza, akiwa amekunja uso kama mtu anayekatalia bei:

"Anti, kumbe neno linakatika?"

Nilikuwa nimemwonyesha silabi wiki tatu nzima bila yeye kujua kwamba silabi ni vipande vya kitu. Kwake "ba be bi" ulikuwa wimbo, na "Menengai" ulikuwa mlima, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na njia. Siku ile njia ikaonekana. Nilichukua kile kipande kingine nikakikata tena, ME huku, NE huku. Hasara ya shilingi kidogo, sabuni ile tulifulia wenyewe.

Tangu hapo sikutupa pakiti tupu. Kila unga unapoisha nyumbani tunakata jina kwa mkasi, tunaacha picha. Kisha jina lenyewe tunalikata vipande: JO, GO, O. SO, KO. FA, HA, RI. Vyote vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni anavimwaga kaunta, anacheza navyo kama karata. Kwa vipande vya pakiti mbili za Jogoo alipata GOGO. Kwa KO na O alipata KOO, akashika shingo yake kunionyesha. Sikumsaidia.

Na jioni moja, nakumbuka nilikuwa nikipima mafuta ya kupikia, alikaa muda mrefu kimya, halafu akasogeza SO ya Soko karibu na FA ya Fahari. Akasoma polepole. Akasoma tena. Akageuka akatazama chumba cha nyuma, kile kiti changu cha zamani chenye kitambaa. "Sofa!" Nililazimika kuweka chupa chini. Sijawahi kuuza sofa. Hakuna pakiti yoyote dukani yenye neno hilo, hakuna rangi iliyomwambia, hakuna picha. Alilitoa kwenye herufi tupu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mwachie mtoto pakiti achezee, atajifunza kusoma mwenyewe, mimi hukataa. Pakiti imechorwa ili hata asiyejua kusoma aitambue. Kazi yake ni kuuza. Itamfundisha mtoto pale tu utakapolitoa neno ndani ya pakiti, ulivue rangi zake, uliandike kwa mkono wako kwenye karatasi ya kawaida, na uone kama bado analijua. Asipolijua, mrudishe kwenye pakiti alitazame, kisha kwenye karatasi tena. Huku na huku, huku na huku, mpaka neno lisimame bila mkongojo.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, nikakigundua kwa kumtazama. Vitabu vya shule vinaanza na herufi ndogo. Dunia ya nje inaandikwa kwa herufi kubwa. Pakiti, mabango, leso, magari ya stejini, yote ni herufi kubwa. Jaribu kutazama "g" na "G", "a" na "A", "r" na "R" kwa macho ya mtoto: hazifanani hata kidogo! Mtoto wangu alisoma JOGOO dukani lakini akakwama kwenye "jogoo" la kitabuni. Kwa hiyo kila neno tukawa tunaliandika mara mbili, mkubwa na mdogo wake, alivyokuwa akiita yeye. Nilipomweleza mwalimu wake, naye akaanza kuwapa darasa zima kazi hiyo. Namshukuru sana kwa kunisikiliza mimi muuza duka.

Kiingereza nilikiweka kando miezi ya mwanzo. Sehemu kubwa ya maandishi ya kwenye pakiti ni ya Kiingereza, hata maonyo ya sumu ya panya, na hilo linaniudhi, maana anayenunua sumu hiyo mara nyingi ni mtu aliyeishia darasa la nne. Kwa mtoto anayejifunza, shida ni kwamba Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa na Kiingereza hapana. Alitazama SALT kwenye pakiti ya chumvi akasoma kwa makini, "sa-li-ti," akaniuliza chumvi imemsaliti nani. Alisoma sahihi kabisa kwa sheria alizokuwa nazo. Nikageuza pakiti zile upande wa pili mpaka awe tayari.

Lugha ya kwao nayo tuliitumia, ingawa wapo walionishauri nimkataze. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z". Najua, nilikua nayo, nami niliitwa mbele ya darasa kwa kusema "sule". Kwa hiyo tuliposhughulikia "shilingi" na "mchuzi" nilimwekea mkono mbele ya mdomo asikie upepo. Lakini kwenye "ng'" yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Wenzake wa darasani walichanganya "ng" ya ngano na "ng'" ya ng'ombe. Yeye alikuwa na "ng'ato", yaani mtu fulani, tangu anyonye. Nilipomwonyesha ile alama ndogo juu akasema, "Ah, hii ni ya ng'ato," na kuanzia siku hiyo hakuisahau.

Jumapili tunatembea. Hapo kuta ndizo kitabu. Kaptembwo imejaa maandishi ya mkono: KINYOZI, TUNAREMBA KUCHA, USITUPE TAKA HAPA, CHUMBA CHA KUPANGA. Na lile tunalolijua Wakenya wote, linaloandikwa na wenye mali wanaoogopa matapeli wasije wakauza kitu kisicho chao: SHAMBA HILI HALIUZWI. Alilisoma peke yake, silabi kwa silabi, nikampigia makofi. Hatua chache mbele, kwenye ukuta wa nyumba ya mabati: NYUMBA HII HAIUZWI. Akasimama katikati ya njia, bodaboda ikampigia honi.

"Anti, mbona huku ni hali na huku ni hai?"

Sikujua nicheke au nilie. Mtoto ameona ngeli! Hajafundishwa jina lake, ameiona tu ukutani, kwa macho, kwa sababu sasa alikuwa akitazama kila kipande. Nilimwuliza kiti tungesemaje. Akafikiri mpaka tukafika sokoni. Tuliporudi akakata kadi ya sanduku la biskuti, akaandika kwa mkono wake KITI HIKI HAKIUZWI, akaibandika kwenye kigoda anachokalia. Bado iko. Kisha mlango: MLANGO HUU HAUUZWI. Wiki ile duka langu lote halikuuzwa.

Kwenye ukuta wa hoteli moja ndogo kumeandikwa CHAKULA TAYALI. Aliligundua siku ya tatu ya kupita pale, akanivuta nguo. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, ameona kosa la herufi moja, na hilo linaonyesha kwamba anasoma kweli, maana anayebahatisha huona anachotarajia. Pili, asilitaje kwa sauti mbele ya mwenye hoteli. Yule mama anaandika anavyosema, na kwa lafudhi yake ndivyo lilivyo, na chapati zake zimelea watoto wanne. Makosa ya ukutani nayapenda kwa kazi hii. Yanamlazimisha mtoto kusikiliza herufi badala ya kuikariri.

Kumpima nilijifunza kwa jirani aliyewahi kujitolea na Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu. Hao walianza 2009 kupita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto wa miaka 6 hadi 16 karatasi moja yenye silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anapokwama, hapo ndipo alipo. Ngazi hiyo ni rahisi na haina aibu. Kila mwisho wa mwezi naandika silabi tano, maneno matano, sentensi mbili tatu za hapa dukani. Gazeti kuukuu la Taifa Leo ninalofungia mandazi ndilo aya yetu.

Sasa nifike kwenye daftari la madeni, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi yake.

Kila muuza duka anajua daftari hilo. Langu lina majina ya kazi zaidi kuliko majina ya watu: Fundi viatu, mkate 1. Mama chapati, unga 2. Boda wa kona, sukari robo. Mtoto alipoanza kusoma sentensi nilimpa kazi: mtu akija kulipa, yeye ndiye anatafuta jina na kulisoma. Alibadilika kabisa. Chati ya ukutani haikumhitaji. Daftari lilimhitaji. Asiposoma, pesa inapotea na mimi naumia. Alianza kuwahi kutoka shule. Aliniuliza hata jinsi ninavyofupisha "kilo" na kwa nini.

Basi jioni moja duka limejaa, watu sita saba mbele ya wavu, akaja mwanamke mmoja ambaye kazi yake iliyumba miezi kadhaa. Alikuja kununua kiberiti tu. Mtoto akamwona, akakumbuka, akafungua daftari kwa furaha, na kwa sauti yake nzuri ya kusoma, ile niliyomfundisha mimi, isiyokwama hata mara moja, akasoma ukurasa mzima. Mkate. Maziwa. Mkate. Sukari robo. Pedi. Mkate. Na jumla.

Hakuna aliyesema neno. Mwanamke akaweka sarafu ya kiberiti kwenye kaunta, akaondoka bila kukichukua kiberiti chenyewe. Mtoto alikuwa akinitazama akingoja sifa.

Nilifunga duka mapema nikaenda kwake. Nilimwomba radhi mlangoni, akanikaribisha ndani, akanipa chai, akasema mtoto hana kosa. Ni kweli, hana. Kosa lilikuwa langu: nilimfundisha kusoma kwa sauti kana kwamba hakuna namna nyingine. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kile kigoda kisichouzwa, macho mekundu. Nikamweleza kwamba maandishi mengine ni ya watu wawili tu, aliyeandika na anayehusika. Kwamba kuna kusoma kwa macho peke yake, mdomo umefungwa, na mambo yale yanabaki ndani.

Hakuamini kwamba inawezekana. Kwa mwezi mzima midomo yake ilikuwa ikicheza, kisha akawa ananong'ona, kisha nikamwambia aume kipande cha kitambaa anaposoma, mbinu niliyobuni tu. Tukawa na mchezo: namwandikia agizo kwenye karatasi, "lete mayai mawili", "funga dirisha", "mpe mzee maji", naitelezesha kwenye kaunta bila kusema. Akisoma kimya na kulitekeleza, mteja haelewi kilichotokea. Siku mtoto wangu mdogo alipoharisha, nikiwa nimeshika jagi la lita moja, yeye ndiye aliyekuwa ameshika pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, akiisoma kwa macho. Akanigusa kiwiko. Pakiti nyingine ni za lita nzima, ile ilikuwa ya nusu lita. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tu kwenye namba.

Mwanamke yule alirudi dukani baada ya wiki mbili. Mtoto akamtafutia ukurasa wake, akausoma midomo imetulia, akaligeuza daftari upande wake ili aone mwenyewe, akaziba kurasa za wengine kwa mkono. Akalipa nusu. Na kiberiti chake cha siku ile nilikuwa nimemwekea.

Dada yangu hututumia ujumbe kila Ijumaa, kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho ninachomfundisha mtoto kusoma. Zamani nilikuwa namsomea mimi. Ijumaa iliyopita simu ililia nikiwa na mteja. Mteja alipofunga mzigo wake na kuondoka, nikamkuta mtoto amekaa na simu mapajani, anasoma, uso wake unabadilika kidogokidogo, mdomo haujatikisika. Nikamwuliza mama anasemaje. Akasema, "Ng'ombe amezaa," halafu akaniomba nimwache amjibu.

Baadaye, kwa ruhusa yake, nilisoma alichotuma. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kama ukutani: MAMA NIMESOMA MWENYEWE. ANTI HAJUI MENGINE ULIYOSEMA. NG'OMBE HUYO HAUZWI.